Boya Namba 5: kisa cha kengele iliyonyamazishwa kwenye vizimba vya sato, Ghuba ya Mwanza

Kikundi kilichopatwa na kisa hiki kimeniruhusu kukiandika ili wafugaji wengine na mafundi wao wajifunze. Majina, mahali hasa na idadi ya wanachama nimeviondoa au nimevibadilisha. Mtiririko wa matukio na mambo ya kiufundi nimeyaacha yalivyokuwa. Mimi niliitwa kuchunguza baada ya samaki kufa, kwa hiyo yaliyotangulia nayaeleza kutokana na kumbukumbu za mfumo, daftari la doria na mazungumzo na wahusika wenyewe.

Usuli

Kikundi kina vizimba 20 vya sato, vimefungwa kwa mistari miwili kwenye hori ndogo upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, mahali penye kina cha mita 10 hivi. Upande wa nje maji yako wazi na upepo unafika vizuri. Upande wa ndani kuna mafunjo, gugu maji kiasi, na mdomo wa kijito kinacholeta tope wakati wa masika. Wanachama wengi walikuwa wavuvi wa dagaa na sangara kabla ya kuingia kwenye ufugaji, na ziwa wanalijua kuliko mtu yeyote atakayewajia na kompyuta.

Mfugaji wa vizimba anaogopa alfajiri. Mchana mwani hutoa oksijeni majini. Usiku mwani huohuo, samaki na mabaki ya chakula vyote vinaivuta. Ikiwa mchana uliopita ulikuwa wa mawingu, usiku umetulia bila upepo na maji yamekuwa ya kijani kibichi, oksijeni inashuka hadi jua lichomoze. Sato anastarehe oksijeni ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 anaanza kutaabika, na kizimba kilichojaa samaki hakina pa kukimbilia. Tena sisi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa kabisa huku kwetu hubeba oksijeni inayozidi miligramu 7 kidogo tu, wakati pwani yangebeba zaidi ya 8. Akiba yetu ya usiku ni ndogo tangu mwanzo.

Ndiyo maana kikundi kilichukua mkopo kikanunua maboya 8 yenye vihisi vya oksijeni na joto. Kila boya lina betri, chipu ndogo na redio ya LoRa, aina ya redio inayokula umeme kidogo sana na bado ikafika kilomita nyingi juu ya maji. Kila dakika 15 boya linatuma kipimo kwenda kwenye mtambo wa kupokelea uliofungwa juu ya mlingoti wa kibanda cha ofisi. Mtambo huo, ambao kikundi kinauita lango, unapitisha data kwa laini ya simu hadi kwenye seva ya kampuni iliyouza mfumo. Kipimo kikishuka chini ya 3, seva inatuma meseji kwa mlinzi wa zamu, mwenyekiti na katibu. Hapo mlinzi anatakiwa kuwasha mashine za kuingiza hewa, zinazotumia petroli.

Mwanzoni mfumo uliwafurahisha wote. Mwanachama mmoja, mama anayeuza samaki soko la Kirumba, aliniambia alikuwa akiamka usiku kufungua simu kuangalia namba tu, kisha anarudi kulala kwa amani.

Kilichotokea, kwa mpangilio

*Novemba.* Boya namba 5, lililoko upande wa ndani karibu na mafunjo, liliingiwa na maji. Fundi wa mradi, kijana hodari aliyekuwa akilipwa kwa kazi, alikuwa na boya moja la akiba. Alichomeka waya, akainakili programu ya Boya 5 pamoja na funguo zake zote, yaani namba za siri zinazolitambulisha kwa seva, akaimimina kwenye lile la akiba na kulitia majini. Ilimchukua saa moja na data haikukatika. Kila mtu alimpongeza, na mimi ningempongeza.

*Desemba 15.* Boya 5 la asili lilirudi likiwa limetengenezwa. Fundi alilirudisha mahali pake, akalitoa la akiba, akalizima na kulitia kwenye begi. Hakuna aliyekumbuka kwamba lile la akiba bado lilijiita Boya 5.

Kuna jambo jingine la siku hiyo. Boya lililowashwa upya huanza kuhesabu meseji zake kutoka sifuri. Seva ikiona namba ndogo kuliko ya mwisho iliyoipokea, huikataa meseji hiyo kwa kuishuku kuwa ni ya zamani inayorudiwa. Ili kuepuka usumbufu huu kila betri inapobadilishwa, mtu wa kampuni alizima ukaguzi wa namba kwa maboya yote 8. Aliandika kwenye grupu la WhatsApp: "Sasa mtakuwa mnabadilisha betri bila kunipigia."

*Mwisho wa Januari.* Kengele za usiku zikaanza, zote za Boya 5, na zote kati ya saa 9 usiku na saa 12 asubuhi. Kipimo kilisoma 1.9, 1.6, 1.4. Mlinzi wa zamu, mzee wa miaka zaidi ya 60, aliingia kwenye mtumbwi na tochi yake na kukuta samaki wametulia. Usiku wa kwanza na wa pili aliwasha mashine kama alivyoagizwa. Usiku wa tatu hakuwasha. Kwenye daftari la doria aliandika: "Boya 5 linalia. Samaki wako chini. Maji hayanuki."

*Februari.* Katibu alijumlisha petroli iliyotumika na kengele zilizolia, hesabu zikakataa. Usiku mwingine mashine ziliwashwa, mwingine hazikuwashwa, na kengele ilinyamaza yenyewe asubuhi bila kujali. Kikao kikawa kikali. Wapo waliosema mzee anauza petroli. Wapo waliosema anainua kihisi nje ya maji ili kuwakomoa viongozi. Mmoja alisimama na kusema kikulacho ki nguoni mwako. Mzee alijibu kwa kifupi kwamba samaki akikosa hewa hupanda juu na kufungua mdomo, na hawa hawakupanda. Hakusikilizwa. Aliondolewa kwenye doria, na malipo yake ya mwezi huo yakazuiwa.

*Februari 18.* Kengele ziliendelea hata baada ya mzee kuondoka. Badala ya kuligeuza hilo kuwa swali, kamati iliamua kuinyamazisha kengele ya Boya 5 "mpaka fundi atakapopata nafasi". Katibu aliinyamazisha kwa simu yake akitumia akaunti ambayo wanachama wote walikuwa na nenosiri lake.

*Wiki ya pili ya Aprili.* Mvua na mawingu kwa siku mbili, kijito kikashusha tope, upepo ukafa kabisa. Usiku huo Boya 5 la kweli lilianza kushuka: 5.1 saa 4 usiku, 3.4 saa 7, 2.2 saa 9. Hakuna simu iliyolia. Boya 4 lililo jirani lilipiga kengele saa 10:40 alfajiri. Mlinzi mpya alidhani ni ugonjwa uleule wa Boya 5 umehamia kwa jirani, akasubiri kupambazuke. Mashine ziliwashwa saa 12. Vizimba vitatu vya upande wa ndani vilipoteza karibu samaki wote, zaidi ya 11,000, waliobakiza wiki chache kuvunwa. Waliofika asubuhi ile wanasema maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki.

Uchunguzi

Nilipofika nilikuta tayari watu watatu wanatuhumiwa: mzee, fundi na mfugaji wa hori ya jirani. Kamati ilitaka kwenda polisi na kutumia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Niliomba kwanza kuziona data mbichi zilivyopokelewa, kwa sababu kwenye simu grafu ilichora wastani wa kila saa tu. Wastani wa Boya 5 ulionyesha mstari unaopanda na kushuka kwa adabu, alfajiri ukikaa kati ya 3 na 4. Ndani ya wastani unaweza kuficha maboya mawili.

Ilituchukua siku 6 kupata data za kikundi kutoka kwa kampuni iliyowauzia. Mkataba haukusema ni za nani.

Zilipofika nilichukua usiku mmoja tu, wa kuamkia Februari 10, nikazipanga kwa saa. Hii ndiyo sehemu niliyomwonyesha mwenyekiti kwenye kibanda:

Saa 10:02, meseji namba 5440, oksijeni 5.9, joto 25.6, nguvu ya mawimbi −84
Saa 10:07, meseji namba 1293, oksijeni 1.6, joto 22.8, nguvu ya mawimbi −116
Saa 10:17, meseji namba 5441, oksijeni 5.9, joto 25.6, nguvu ya mawimbi −84
Saa 10:22, meseji namba 1294, oksijeni 1.5, joto 22.8, nguvu ya mawimbi −117

Mwenyekiti alizitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Hawa ni wawili."

Ndiyo. Boya moja linalotuma kila dakika 15 haliwezi kutuma mara 8 kwa saa. Namba za mfululizo zilikuwa foleni mbili zisizojuana. Kwenye nguvu ya mawimbi, namba ikikaribia sifuri mawimbi yana nguvu zaidi. Mawimbi ya −84 ni ya kitu kilicho karibu, chini ya kilomita moja. −116 ni ya kitu kilicho mbali sana lakini kinachoonana na mlingoti wetu, pengine kwenye moja ya vilima vyenye mawe vinavyotazama ziwa. Joto ndilo lililowashawishi wavuvi kuliko hayo yote. Nilipowaonyesha kwamba kile cha pili kinapanda hadi nyuzi 28 mchana na kushuka hadi 22 usiku, mmoja akasema ziwa halipoi namna hiyo kwa usiku mmoja, hilo ni bwawa.

Tukahesabu kurudi nyuma. Meseji 1293 mara dakika 15 ni siku 13 na saa 11 na robo. Ukiziondoa kutoka alfajiri ya Februari 10 unafika Januari 27, karibu saa 11 jioni. Kifaa kile kiliwashwa siku hiyo, saa hiyo. Ukilifanyia hesabu hiyohiyo Boya 5 la kweli unafika Desemba 15 mchana, siku liliporudishwa majini. Hesabu zikakubali.

Nilimpigia fundi simu. Sikumwambia kuhusu tuhuma, nilimuuliza tu, "Kaka, Januari 27 jioni ulikuwa wapi?" Alinyamaza, akaniomba nisubiri, kisha akanitumia picha kutoka kwenye simu yake. Bwawa la saruji nyuma ya nyumba ya shemeji yake, kilimani, maji ya kijani, na boya la akiba linaelea katikati. Alikuwa akijaribu kama kihisi kilichokaa begini bado kinafanya kazi. Alikiona kinawaka taa, akafurahi, akakiacha pale ili shemeji yake apate faida. Hakujua kwamba umbali wa kilomita 6 hivi kutoka pale, mlingoti wa kikundi ulikuwa ukikisikia na kukiamini.

Kila alfajiri bwawa la shemeji lilikosa hewa, kama mabwawa ya kijani yanavyofanya, na kila alfajiri mzee wa doria aliamshwa kwa ajili ya samaki wa mtu mwingine.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza haukuwa wa kiufundi. Niliiomba kamati isiende polisi kabla data hazijasomwa mbele ya wanachama wote, fundi na mzee wakiwapo. Niliogopa kwamba tukianza na mshtakiwa, hakuna atakayetueleza ukweli, na mtu mwenye boya begini angelitupa ziwani. Kikao kilifanyika Jumapili chini ya mwembe. Fundi alieleza mwenyewe. Mwenyekiti alimwomba radhi mzee kwa kumtaja jina, na mzee akalipwa mwezi wake. Naandika hili kwa makusudi ndani ya uchambuzi wa usalama wa vifaa, kwa sababu bila siku ile hatua zote zilizofuata zingekuwa za kuwabana watu waliokwisha kukata tamaa.

Siku iliyofuata niliomba kampuni iwashe tena ukaguzi wa namba za mfululizo kwa maboya yote. Kwa Boya 5 dawa ilifanya kazi papo hapo: namba za bwawani zilikuwa ndogo kuliko za ziwani, seva ikazikataa. Lakini hapa nilikosea mpangilio. Boya 2 lilikuwa na betri dhaifu, likajizima na kujiwasha usiku uleule, likaanza kuhesabu kutoka sifuri, na seva ikalikataa kama tapeli. Kwa siku mbili kikundi hakikuwa na kipimo upande ule, muda mfupi tu baada ya msiba. Wanachama walikuwa na haki ya kukasirika. Nilipaswa kubadilisha kwanza namna maboya yanavyojiunga na mtandao, ndipo niwashe ukaguzi.

Kubadilisha namna ya kujiunga ndiko kulikokuwa kazi kubwa. LoRaWAN, mfumo wa mtandao ambao redio zetu za LoRa hutumia, unaruhusu njia mbili. Katika ya kwanza, kifaa huandikiwa anwani na funguo za kudumu tangu kiwandani, na hizo ndizo kinazotumia maisha yake yote. Katika ya pili, kifaa kina ufunguo mama wake pekee. Kila kinapowashwa kinabisha hodi, seva inakitambua, na vyote viwili vinatengeneza funguo mpya za kikao hicho. Maboya yetu yalitumia njia ya kwanza, na vibaya zaidi, funguo za maboya yote 8 zilikuwa zilezile. Tuliyahamishia yote njia ya pili, kila moja na ufunguo mama wake, tukiyavuta mawili mawili ufukweni ili ziwa lisibaki bila macho.

Tulifunga pia usomaji wa chipu, ili mtu akichomeka waya asiweze kunakili kilichomo. Hilo lina gharama: boya likiharibika, programu inabidi iandikwe upya kwa ufunguo mpya, na lile la zamani linafutwa kwenye seva mbele ya mashahidi. Kazi ya saa moja imekuwa ya nusu siku. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema ni sawa.

Vifuniko vya maboya havikuwa na kufuli, na kununua vipya hakukuwezekana. Mama wa Kirumba ndiye aliyeleta suluhisho: rangi ya kucha yenye vimetameta. Kila skrubu ilipakwa tone moja, likapigwa picha kwa karibu. Vimetameta hukauka kila kimoja upande wake na mtu hawezi kuvipanga vilevile mara ya pili. Boya likitolewa majini, mtu anafananisha skrubu na picha. Wapo wataalamu wa usalama wanaolinda kompyuta zao za mkononi kwa njia hiyohiyo.

Tukabadilisha na kengele. Mtu mmoja hawezi tena kuinyamazisha kimyakimya: kunyamazishwa kunadumu saa 24 tu, kunahitaji sababu iliyoandikwa, na meseji inakwenda kwa wote ikitaja jina la aliyenyamazisha. Kila mmoja ana akaunti yake. Zimeongezwa kengele mbili ambazo hazihusu oksijeni kabisa: boya likinyamaza kwa dakika 45, na boya likituma zaidi ya mara 5 kwa saa. Hii ya pili ingetuambia yote Januari 27 kabla ya chakula cha usiku.

Mwisho, kila Jumatatu na Alhamisi mlinzi anakwenda na kipimo cha mkononi kwenye maboya yote 8, anakishusha mita 2, kina kilekile cha vihisi, na anaandika namba mbili daftarini: ya mkononi na ya boya. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.5, kihisi kinatolewa na kusuguliwa, maana ute wa mwani hukiganda. Mzee ndiye aliyekabidhiwa kazi hii.

Matokeo

Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba kengele za oksijeni zililia usiku mara 5. Nne zilikuwa za kweli, zikathibitishwa kwa kipimo cha mkononi kabla mashine hazijawashwa au mara tu baada ya kuwashwa. Moja ilikuwa kihisi kilichofunikwa na ute. Usiku mmoja wa Oktoba hali ilifanana sana na ule wa Aprili, na mashine ziliwashwa saa 8:20 usiku. Samaki waliokufa walihesabika kwenye ndoo mbili.

Mambo mawili hayajakaa sawa. Niliweka utaratibu kwamba ufunguo mama mpya utolewe na watu wawili kwa pamoja, mwenyekiti na mweka hazina. Agosti mweka hazina alikwenda Ukerewe kwenye msiba, simu yake ikazima, na boya lililohitaji kuunganishwa upya likakaa ufukweni siku 4. Sasa tumempa mtu wa tatu, yeyote wawili kati ya watatu wanatosha. Na data bado ziko kwenye seva ya kampuni. Mkataba mpya unasema ni mali ya kikundi na nakala inatumwa kila usiku, lakini mara mbili nimekuta nakala haikutumwa na hakuna aliyegundua.

Uchambuzi

Watu wengi ninaowasimulia kisa hiki huuliza kama data zilikuwa zimesimbwa, yaani zimefichwa ili asiye na ufunguo asizisome. Zilikuwa zimesimbwa vizuri, kwa ufunguo wa biti 128, na kila meseji ilikuwa na muhuri wa kuthibitisha haikuchezewa. Hakuna aliyevunja chochote. Boya la bwawani lilikuwa na ufunguo sahihi, kwa hiyo mihuri yake ilikuwa sahihi, na seva ilipouliza "wewe ni nani?" lilijibu "Boya 5" bila kusema uongo kwa namna ambayo seva ingeweza kuijua. Kusimba kunamzuia mgeni asiyeujua ufunguo. Hakumzuii mwenye nakala ya ufunguo asijifanye mwingine. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kila kifaa kiwe na ufunguo wake peke yake, na kwamba kunakili kifaa kizima, hata kwa nia njema ya kutengeneza, ni sawa na kutoa kitambulisho kimoja kwa watu wawili.

Udhaifu wa namna hii si wa hapa kwetu tu. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani, orodha yake ikiwa na jozi zaidi ya 60, na Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliangusha huduma kubwa za intaneti huko Marekani. Tangu Aprili 29, 2024, Uingereza imepiga marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vya aina hiyo vyenye nenosiri moja rahisi kwa wote. Kikundi kinaponunua vihisi kinaweza kumuuliza muuzaji swali hilohilo kabla ya kulipa: je, kila kifaa kina siri yake, au vyote vina moja? Muuzaji asiyeweza kujibu papo hapo asilipwe siku hiyo.

Kilichofanya kazi zaidi ni vitu visivyo na gharama. Namba ya mfululizo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ikitumwa katika kila meseji, ikituambia ukweli. Mtu alizima kuisoma ili asisumbuliwe na simu za betri. Joto na nguvu ya mawimbi vilikuwepo pia. Kwa hiyo wafugaji wanaoniuliza wanunue nini nawaambia kwanza waziombe data mbichi za wiki moja na kukaa nazo, wao na watu wao wanaolijua ziwa. Mvuvi ndiye aliyetambua bwawa kwenye safu ya joto. Mimi nilikuwa bado kwenye mawimbi.

Kilichoshindwa vibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, kilikuwa uamuzi wa Februari 18. Kengele inayolia bila sababu ni taarifa: ama maji yana tatizo, ama kihisi, ama kitambulisho. Ikinyamazishwa bila kujua ni lipi kati ya hayo, tatizo linabaki na macho yanafumbwa, na kwa bahati mbaya yalifumbwa upande ule ule wa ndani ambao oksijeni huanza kushukia. Kamati haikuwa ya wazembe. Walikuwa wamechoka, petroli ilikuwa imewaishia, na mfumo uliwapa kitufe cha kuzima bila kuwauliza lolote.

Ushahidi wa mzee ulikuwa kipimo. Aliandika tarehe, saa, hali ya samaki na harufu ya maji, usiku baada ya usiku. Kama kwenye kikao cha Februari mtu mmoja angeweka daftari lile kando ya namba za Boya 5, tofauti ingejionyesha wiki saba kabla ya samaki kufa. Tulipoweka utaratibu wa Jumatatu na Alhamisi hatukuanzisha jambo jipya, tuliirudisha kazi yake na kuipa safu yake kwenye jedwali.

Nilimtembelea Novemba, asubuhi ya Alhamisi. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye kipimo. Tulikuwa kwenye Boya 5. Alikagua rangi ya kucha kwenye skrubu nne, akafananisha na picha kwenye simu ya mjukuu wake, kisha akaandika: mkononi 5.7, boya 5.6, samaki wako chini.